Wasichana Watano wa Tarehe Moja

Mimi Obwocha, naibu wa chifu upande wa Gesima, nilikuwa nikijisifu kwamba mhalifu namtambua kwa mwendo tu. Ndiyo maana Drusilla alipoingia ofisini kwangu na suti ya zambarau na Biblia kwapani, nilimpa kiti changu mwenyewe. Alisema anawatafutia wasichana kazi ya hoteli Mwanza, ng'ambo ya mpaka. Aliniita mheshimiwa mara tatu. Ya nne ilinikuta nimeshatoa muhuri.

Barua tano alizoleta za kuwatambulisha wasichana nilizitia saini na kuzigonga muhuri bila kusoma. Moja ilikuwa ya Mokeira, binti wa jirani yangu Bitutu, mtoto wa miaka kumi na sita. Nikawaombea safari njema, nikapiga nao picha.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na inspekta wa kike wa polisi wa Tanzania.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Ni wewe uliyetia saini barua hizi?"

Kwa Kiswahili kitamu namna ile, nilidhani ananipongeza. "Ni mimi kabisa!"

"Tumezuia gari lenye wasichana watano. Kwa barua zako, wote wamezaliwa tarehe moja, mwaka mmoja. Na dereva hajui hoteli yoyote. Ni mapacha, mzee?"

Nikamjibu kwamba nitaangalia.

Hakucheka. Alisema mwanamke aliyewasafirisha amerudi Kenya, na afisa mwenzake wa polisi wa Kisii, Inspekta Nyasani, yuko njiani kuja kwangu. "Tafadhali, usimpigie mtu yeyote." Nilikuwa nimeshafungua namba ya Drusilla ili anieleze.

Nyasani alifika, akaketi bila kukaribishwa. "Sasa mpigie. Mwambie umepata wengine wanne."

Drusilla alifurahi. "Mheshimiwa, ndiyo maana nakupenda wewe. Wengine wanasomasoma barua sana."

Nyasani alitazama dirishani. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Tulikubaliana akutane nami Keumbu, penye wauza ndizi, saa sita mchana. Polisi walijifanya wapakiaji. Kazi yangu ilikuwa moja: nivue kofia nikimwona. Kwa woga niliiacha kofia nyumbani. Alipotokea nikapunga mikono yote miwili kama anayefukuza ndege shambani. Walimkamata.

"Tulimwona kabla yako," Nyasani aliniambia.

Kesho yake inspekta wa Tanzania aliwakabidhi wasichana kwa Nyasani pale mpakani Isebania. Nilikwenda na Bitutu. Alimkumbatia binti yake muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha, nikakohoa ili nianze.

"Obwocha, hotuba weka kando," Bitutu alisema. "Waandikie hawa maafisa ukweli."

Nikaandika kurasa nne. Mokeira alisimama nyuma ya bega langu akisoma. Nilipofika mahali nilipodai nilimwuliza kila msichana umri wake, akaweka kidole pale.

"Hapo si kweli, baba. Hukuniuliza."

Nikafuta. Nikaandika: sikumwuliza mtu.

Mahakamani wakili wa Drusilla aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, mara mbili, watu wakanigeukia. Drusilla alifungwa hata hivyo. Mimi nilisimamishwa kazi miezi sita, nikawa nachuma majani chai na mke wangu, ambaye hunishinda kilo kila siku.