Kutema Mbele ya Baba Mkwe

Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiye na la kusema bora afunge saluni. Lakini niambie, mimi na mvinyo wapi na wapi? Ni mchumba wangu ndiye aliyeniingiza humo. Baba yake aliuza mvinyo maisha yake yote. Sasa amestaafu, mkewe alishafariki, anakaa na makabati yake ya chupa. Kila anayemtaka binti yake hukalishwa mezani kwanza, aonje. Kuna mhasibu mmoja alionja akasema "tamu", basi, akasindikizwa mpaka getini.

Yule dada nampenda, sikufichi, na sikutaka kusindikizwa. Akanifundisha mwenyewe, pale saluni, kwa chai ya rangi iliyopoa. Tazama rangi. Zungusha glasi. Nusa. Vuta funda dogo, lizungushe mdomoni, tema kwenye ndoo, halafu useme umesikia nini.

"Nimesikia chai," nikamwambia.

Akanuna. Ikabidi nikariri: cheri, tumbaku, ngozi iliyolowa. Ngozi iliyolowa, jamani, na hapo mtu anasifu.

Siku yenyewe mzee akanikaribisha mezani, mchumba wangu akajifanya ana vyombo vya kuosha jikoni. Kati ya glasi zilizopangwa palikuwa na kindoo cha kutemea, kinang'aa. Nikatazama rangi. Nikazungusha, nikajimwagia shati. Nikanusa, nikavuta funda, na hapo ndipo nilipokwama. Niteme mbele ya baba mkwe, tena mezani kwake? Mama yangu alinilea. Mbele ya wakwe hata kikohozi unakimeza. Nikameza.

Mzee akatema zake taratibu, akanitazama. Glasi iliyofuata nikameza. Iliyofuata tena, vilevile.

"Kijana, mbona hutemi?"

"Shikamoo, mzee," nikajibu, hata sijui kwa nini.

"Marahaba. Haya, unasikia nini humo?"

"Cheri. Tumbaku. Ngozi iliyolowa."

"Huo ni mvinyo mweupe. Hayo ni ya mwekundu."

Kichwa kilishakuwa chepesi, ulimi ndio usiseme. Nikajua geti linaniita, na uongo ukanichosha.

"Mzee, nisikufiche. Mimi sijui kitu. Binti yako ndiye aliyenikaririsha."

"Binti yangu hapendi mvinyo," akasema. "Tangu mama yake atutoke naonja peke yangu. Nikimwita ana kazi. Nikimweleza, anaangalia simu."

"Hapendi wapi, mzee? Kanigombeza wiki nzima. Glasi usiishike tumboni, utaupasha moto mvinyo. Chupa ikifunguliwa usiharakishe, uache mvinyo upumue, uuchukulie kama mgeni aliyetoka safari."

Mzee akaweka glasi chini.

"Hayo ni maneno yangu," akasema. "Neno kwa neno."

Akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha meza, akaivaa ikiwa na madoa zaidi kuliko mwanzo. Nilimwonea huruma. Kisha akamwita binti yake.

Akaja mikono ina povu, akaona macho yangu yalivyolegea, akajua nimeshaharibu. Akaanza kuniombea msamaha. Mzee akachukua chupa. Akamimina kwenye glasi safi, akamsogezea. Binti akatutazama mmoja mmoja. Akafuta mikono kwenye gauni, akaushika ule mguu mwembamba wa glasi, akanusa macho kayafumba.

"Umeuharakisha, baba," akasema. "Haujapumua."

"Najua," mzee akasema. "Nilikuwa na wasiwasi na huyu."

Wakaanza kubishana, huyu anasema limau, huyu anasema tufaha bichi, mimi hakuna anayeniuliza. Binti amesimama tu, viti ni viwili, na kimoja nimekikalia mimi. Mzee akanigeukia, furaha imemjaa usoni hata hajaribu kuificha.

"Na wewe, mkwe, umeganda hapo. Mpishe mkeo akae."

Nikainuka haraka mno. Ukuta ndio ulionidaka.