Kama Habasoda Tu, Ayeeyo

Garissa nzima hakuna anayejua chia kunishinda mimi Guled. Nauliza: nani mwingine? Nina kibanda soko la Suuq Mugdi, nina B ya bayolojia ya kidato cha nne, na nina mdomo. Asubuhi ile nilikuwa navitumia vyote vitatu kwa mpigo, kwa sababu mteja aliyesimama mbele yangu alikuwa Khadra.

"Hizi ndizo mbegu zenyewe?" akauliza. "Mbona kama mavi ya panya?"

"Abaayo, dada yangu, heshima! Panya gani huyo anapimwa kwa mizani?" Nikamimina kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, nikakamulia ndimu, nikakoroga kwa madaha. "Wewe tazama hiyo glasi. Humo ndani kuna nyuzi za kulainisha tumbo, kuna protini, kuna kalsiamu ya mifupa, na kuna mafuta ya omega ambayo watu wa pwani huyapata kwa samaki. Sisi samaki akitutazama tu tunakimbia, basi Mungu katuletea mbegu. Loweka kwa maziwa ya ngamia, kunywa daku, njaa itakutafuta mpaka adhuhuri isikuone. Kwenye uji, sawa. Kwenye unga wa anjera, sawa."

"Na ulimi wako huo, unalowekwa kwa nini?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumpendeza ndipo ayeeyo akanivuta mkono wa shati. Ayeeyo Muslimo ndiye mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye. Alijifunika mtandio wake wa shash mpaka puani, akanong'ona kwa Kisomali kwamba tumbo limefunga tangu juzi, na je, hiyo dawa yangu ninayopigia kelele ingemfaa?

"Ingekufaa sana!" nikasema kwa sauti, ili Khadra acheke. "Ayeeyo, hii itafungua barabara mpaka Wajir!"

Khadra akacheka. Ayeeyo akanifinya. Nikamfungia pakiti.

"Inaliwaje?" akauliza.

Macho yangu yalikuwa kwa Khadra. "Kama habasoda tu, ayeeyo. Kijiko mdomoni, maji juu yake, bismillahi."

Kila nyumba kwetu inajua habasoda, zile mbegu nyeusi za dawa, inavyoliwa. Kijiko kikavu, unarusha nyuma ya ulimi, unasukuma kwa maji. Ayeeyo anaifanya hivyo kila asubuhi tangu kabla sijazaliwa. Akaweka pakiti kifuani, akaondoka zake.

Nikarudi kwenye maneno yangu matamu. Nilikuwa nimefika mbali, karibu niombe namba, Khadra aliponyanyua glasi na kuipindua taratibu. Haikumwagika. Mbegu zilikuwa zimevimba, zimeshikana, donge la utelezi lililojaza glasi. Akaigonga kwa kidole, donge likatikisika.

"Subhanallah," akasema. "Zilikuwa kijiko kimoja." Kisha akanitazama. "Na ayeeyo, umemwambia aloweke?"

Nikaipokonya glasi mkononi mwake.

Ayeeyo ana koo jembamba. Ni ugonjwa wa siku nyingi. Hata nyama namkatia vipande vidogo kama vya mtoto. Nikaitazama glasi tena, nikaliona koo.

Nikapiga simu. Ikaita, ikakatika. Nikapiga tena. Simu ya ayeeyo huishi ndani ya kopo la sukari ili isiibiwe, kwa hiyo kutopokea si ajabu, nikajiambia. Nikajiambia hivyo nikiwa tayari juu ya bodaboda, kibanda nimemwachia Khadra, nikimpiga dereva mgongoni kama punda. Njia ya kwetu Bula Iftin naijua nikiwa usingizini, lakini siku ile ilikuwa imerefushwa na mtu. Mbuzi wakavuka. Lori la mchanga likazima katikati ya barabara. Nilikuwa naomba: Ya Rabbi, asahau. Ya Rabbi, apitie kwa jirani apige soga. Ya Rabbi, tumbo lifunguke lenyewe.

Mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa ameketi mkekani, mgongo ukutani, mkono umekamata kifua. Mate yalikuwa yanamtoka pembeni ya mdomo na kulowesha shash, hakuweza kuyameza. Pembeni yake pakiti imechanwa, kijiko, na jagi la maji lililobaki nusu.

"Ayeeyo!"

Alijaribu kuniambia kitu. Ikatoka sauti ya maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa, halafu mate zaidi. Macho yake yalikuwa mekundu na makubwa, na yalinitazama mimi tu.

Nikaona nimsaidie. Nikajaza kikombe, nikamwinua kidevu, nikisema, "Meza, ayeeyo, maji yasukume, meza..." Kikombe kikaruka mkononi mwangu, kikapasukia ukutani.

"Unataka kumuua?" Alikuwa Zilpah, jirani yetu, muuguzi kutoka bara, amenisikia nikipiga kelele. "Amekula nini?"

"Chia. Kavu."

"Na wewe unamwongezea maji! Si ndiyo maji yanazivimbisha? Asimeze kitu tena, hata tone. Muinamishe mbele, mate yatoke nje. Ita tuktuk!"

Ndani ya tuktuk nilimshika ayeeyo kama mtu anayeshika taa kwenye upepo. Alikuwa anapumua, Zilpah akanihakikishia, pumzi ina njia yake, lakini akitapika kwa hali hii mbegu zinaweza kuingia mapafuni. Laiti asingenieleza. Kila alipokohoa, nilimwinamisha zaidi.

Kisha ayeeyo akainua mkono. Akakunja vidole vyote, akabakisha cha shahada, kikiwa kimenyooka.

Kwetu mtoto mdogo anajua maana yake. Mtu anayekata roho asiyeweza kutamka shahada, huitamkia kwa kidole. Nikapiga kelele mpaka dereva akakosa njia. "La, ayeeyo! Bado! Shusha mkono!" Nikakishika kidole chake nikakikunja kwa nguvu, naye akakinyoosha tena, nikakikunja, nalia kamasi mpaka kidevuni. Zilpah aliniambia ninyamaze. Sikuweza.

Hospitalini walimpitisha mlango nisioruhusiwa. Nilibaki kwenye benchi na shash yake iliyolowa, nikiisoma sura ya Yasin niliyoisahau katikati, nikianza upya, nikisahau palepale. Nilimuahidi Mungu nitafunga mdomo maisha yangu yote.

Daktari Silas alipotoka, alikuwa anatabasamu. Walikuwa wamepitisha mpira wenye kamera, wakaliondoa donge lote. Atapona. Nikakaa sakafuni.

Walituruhusu mimi na Zilpah tuingie. Ayeeyo alikuwa amelala, macho yamefumba, mdogo kuliko nilivyomwacha asubuhi.

"Hizi mbegu ni chakula kizuri sana," daktari akasema, "zikilowekwa. Nani alimwambia ameze kavu?"

Zilpah akanigeukia. Nikamtazama ayeeyo: kalala, dawa ya usingizi bado imo. Na ile ahadi yangu kwa Mungu ikatoka kupitia dirishani.

"Wazee wetu hawa, daktari," nikasema, nikitikisa kichwa kwa huzuni. "Wanasikia vitu huko sokoni. Mimi kila siku nawaambia: lowekeni, lowekeni. Ningekuwepo..."

Shuka likasogea. Mkono ukatoka, vidole vimekunjwa, kimoja kimenyooka. Safari hii niliona vizuri kilikuwa kinaelekea wapi. Hakikuwa kinaelekea mbinguni; kilikuwa kinanielekea mimi. Na hata kule ndani ya tuktuk, sasa najua, hakikuwa.

Ayeeyo hajawahi kusema nami Kiswahili tangu nizaliwe. Alikisema hapo, kwa sauti iliyokwaruzika, polepole, ili daktari asikose neno:

"Hii mtoto. Nilimuuliza, alikuwa naangalia msichana. Akasema, kama habasoda tu, ayeeyo. Kijiko mdomoni, maji juu. Bismillahi pia alisema."