Kipimo cha Mzee Andrea

Kitendawili! Kila siku nala wali wake, hatua zake nazijua, uso wake siujui. Umeshindwa? Nipe mji. Itungi? Haya, nimefika Itungi, nimekula samaki mbasa, nimerudi: ni baba mkwe na mkamwana wake.

Ndivyo alivyoishi Tusekile, muuguzi wa zahanati ya kijijini, Ndandalo. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hamtazami baba mkwe, hamgusi, hasemi naye. Wengi wameshaacha. Mzee Andrea, baba mkwe wake, hata! Ndiyo maana presha yake alijipima mwenyewe, kwa kimashine alichonunua kwa wachuuzi wa ng'ambo ya mto Songwe.

Sasa serikali ikaagiza zahanati zikusanye vipimo visivyosajiliwa, kwani hakuna aliyevikagua kama vinasema kweli. Tusekile akaanzia nyumbani. Mama mkwe wake, Yunis, alimletea kile kimashine uani. Mzee alibaki ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Mwambie hakitoki," alisema mzee. "Kila siku kinaniambia mia ishirini kwa themanini. Mzima!"

Tusekile alikifunga kwenye ndizi mzuzu, akabonyeza. Kikavuma, kikatulia. Mia ishirini kwa themanini.

"Mwe!" Yunis alicheka hadi akashika kiuno. "Mume wangu, ndizi nayo nzima! Tusiimenye, tuipeleke kanisani ikashukuru!"

Pazia halikucheka. Wala Tusekile.

"Mama, muulize baba: dawa zake za presha bado anakunywa?"

"Kwani ni kiziwi? Amesikia."

Kuku walipita wakidonoa. Tusekile alitoa kipimo cha zahanati, kile kilichosajiliwa, akakishika tu mapajani. Angemwita muuguzi mwingine, wa zahanati ya Mbugani, lakini hadi afike? Watu huanguka wakati wanasubiri.

"Mama, mwambie nitatazama chini."

Pazia likasogea. Mkono ukatoka, mwembamba, umekunjwa ngumi. Tusekile alipiga magoti, macho kwenye udongo, akaufunga kwa kupapasa. Mara ya kwanza kumgusa.

Alipoisoma namba, aliona iko juu mno. Hakuitaja. Alibaki ameshika ule mkono, na ngumi ikalegea polepole kiganjani mwake.

"Dawa niliziacha," ilisema sauti nyuma ya pazia, safari hii bila kumpitia Yunis. "Tangu mashine iliponiambia nimepona. Na kichwa kinaniuma, mwanangu."