Namba Hiyo Imeshahitimu

Siku ya tatu ya foleni, Kigingi alifika dirishani. Miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu vya kuazima, viatu vya mama yake mdogo vilivyombana vidole. Dirisha la usajili lilikuwa la kioo kizito, na tundu la kusemea lilitobolewa chini mno, hivi kwamba kila mwenye shida ilimlazimu ainame ndipo asikike. Akainama.

"Nilikuwa nimeahirisha masomo miaka miwili," alisema. "Nimerudi kuendelea na mwaka wa tatu."

Akapenyeza barua yake. Karani, mama wa makamo aliyejitupia sweta mabegani, aliitazama bila kuigusa.

"Taja namba ya usajili."

Akaitaja bila kufikiri. Karani akachapa. Taya lake, lililokuwa likitafuna kitu, likasimama. Akachapa mara ya pili, tarakimu moja moja, kisha akaigeuza kompyuta kidogo kuelekea ukutani.

"Umesema wewe ni nani?"

Kigingi akataja majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho.

"Namba hiyo imeshahitimu."

"Imehitimu vipi?"

"Mwaka jana. Tena kwa daraja zuri."

Waliokuwa nyuma wakacheka. Mmoja akasema, "Dada, si uchukue cheti ukapumzike?" Karani hakucheka. Alinyanyua simu, akaziba mdomo kwa kiganja, akazungumza maneno machache huku macho yake hayabanduki kwenye uso wa Kigingi. Alipoirudisha simu alikuwa amebadilika, amekuwa mpole.

"Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Basi rudi Jumatatu saa nne, ghorofa ya pili. Uje na kitambulisho. Na usiende ofisi nyingine yoyote."

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa akilini. Mtu hakukatazi mlango ambao nyuma yake hakuna kitu.

Jina la Kigingi alilipata mwaka wa kwanza, kwenye mazoezi ya upimaji ardhi. Mvua iliwakuta uwanjani, wenzake wakakimbilia barazani, yeye akabaki ameushika ufito wa kupimia mpaka mhadhiri alipomaliza kusoma vipimo. "Huyu si mtu, ni kigingi," mhadhiri alisema, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita vinginevyo. Mwaka wa pili ulipokwisha, mama yake alianguka akifua nguo. Upande wa kushoto ukafa. Baba hakuwapo tangu zamani, kaka hakuwa naye. Akaandika barua ya kuahirisha masomo, mkuu wa idara akaisaini na kuipiga muhuri, akaenda nyumbani kumlisha mama, kumwogesha na kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Katikati ya saa hizo alishona sare za shule, cherehani ikiwa miguuni pa kitanda. Mwishowe mama yake mdogo alifiwa na mumewe, akahamia kwao na sanduku moja. Wiki ya kwanza tu akamwambia, "Nenda kasome. Huyu alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako."

Hakungoja Jumatatu. Alitoka dirishani akaenda moja kwa moja kwa mhadhiri.

"Kigingi!" Mhadhiri alisimama, uso umemkunjuka. Akamuuliza habari za mgonjwa, nani anamwangalia, upande gani uliokufa. Kigingi akamweleza yote. Kisha akamweleza la dirishani. Uso wa mhadhiri ukajifunga. Akaenda kufunga mlango, akarudi akafunga na dirisha, ingawa kulikuwa na joto.

"Nani anajua umekuja hapa?"

"Hakuna. Mwalimu, kuna mtu amefanya mitihani yangu."

"Mimi nasahihisha namba. Sisahihishi sura."

"Na mazoezi ya uwanjani? Tulikuwa watu kumi na tisa. Kila sura ulikuwa ukiijua."

Mhadhiri akazipanga karatasi zilizokuwa zimepangika tayari.

"Alikuja na barua kutoka juu. Tuliambiwa amehamia kutoka chuo kingine, majina yamefanana kwa bahati."

"Yote matatu?"

"Nina watoto wanne," alisema mhadhiri, kana kwamba hilo ndilo jibu. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, ya huruma, "Una ushahidi gani?"

"Daftari la stoo. Kila tulipoazima darubini ya kupimia nilisaini. Miaka miwili mizima. Na mtunza stoo ananifahamu."

"Vizuri," alisema mhadhiri. "Hilo litakusaidia sana. Usiwe na wasiwasi."

Kigingi alikuwa amefika katikati ya ngazi alipojiuliza kwa nini amemwambia. Akazishuka ngazi zilizobaki mbili mbili.

Mtunza stoo alikuwapo, mzee ambaye jicho lake moja lilizoea kufumba kwa kuchungulia darubini maisha yake yote. Alilishusha daftari kutoka rafuni, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Saini za Kigingi zilikuwamo, thelathini na moja. Mzee aliziona kabla yake.

"Mkono wako huu. Herufi ya kwanza kama ndoano."

"Nipe ukurasa mmoja tu, baba."

"Kuchana mali ya chuo siwezi, mwanangu, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Lakini Jumatatu nitalileta mwenyewe kwapani, kama mkate."

Simu ya Kigingi ilikuwa ya vitufe, haina kamera. Akazitazama saini zile kwa muda, kana kwamba kutazama kunaweza kuzinakili, kisha akaaga.

Jioni alimpigia mama yake mdogo kumweleza. Alisikia sahani zikigongana, kisha zikiwekwa chini.

"Huyo mwalimu alisemaje mwishoni?"

"Alisema nisiwe na wasiwasi."

"Mtu wa ofisi akikwambia hivyo, mwanangu, ndipo uanze kuwa nao."

Siku zilizobaki alilala chumbani kwa msichana mmoja wa mwaka wa pili, aliyemgawia godoro. Kufika Jumapili msichana yule alikuwa hamtazami usoni tena. Alisema mlinzi amekuja kuuliza mgeni wake anaitwa nani, na yeye amegundua kwamba kwa kweli hajui.

Jumatatu alipitia stoo kwanza. Mlangoni kulikuwa na kufuli jipya, bado lina karatasi ya dukani. Mfagizi wa kike alikuwa akisukuma maji kwenye korido.

"Mzee amepewa likizo," alisema. "Tangu Ijumaa. Hata yeye mwenyewe hakujua kama ameomba."

Ghorofa ya pili walikuwa watatu: msajili msaidizi, mwanasheria wa chuo na mkuu wa walinzi. Mezani palikuwa na chupa tatu za maji. Kiti chake kilikuwa kifupi kuliko vyao. Mbele ya mwanasheria palikuwa na jalada lenye majina yake matatu, yameandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, wa siku ile ya kwanza alipofika chuoni.

"Tunataka tukusaidie," alianza msajili msaidizi, mtu mnene mwenye sauti laini. "Ila lazima tuelewane. Siku hizi kuna watu wanazuka kudai usomi wa wenzao."

Mwanasheria akafungua jalada. Vyeti vyake vya sekondari vilikuwamo, vile vile halisi ambavyo chuo kiliviweka siku ya kuandikishwa. Kwenye fomu ya usajili palikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso wa mviringo na hereni ndogo, ametulia, anatazama kamera kama mtu anayesubiri chai yake. Kigingi hakuwahi kumwona.

"Gundi," alisema.

"Unasema?"

"Picha yangu ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Alama ya gundi imebaki pembeni, hapo."

Mwanasheria akafunga jalada.

"Hiyo barua yako ya kuahirisha," alisema msajili msaidizi, "sisi hatuna nakala yake."

"Hii hapa. Ina saini na muhuri."

"Mihuri inachongwa mitaani." Akaichukua, akaisoma mstari kwa mstari, akaitia ndani ya jalada. Mkuu wa walinzi akanyoosha mkono kuomba kitambulisho. Kigingi akampa. Akakitazama pande zote mbili, akakitumbukiza mfukoni mwa shati.

"Kwa uchunguzi," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Aliyehitimu ni mtumishi wa umma," mwanasheria akaendelea. "Yuko ofisi ya ardhi, anapima viwanja vya watu, hana doa. Kumchafulia jina ni kosa la jinai."

"Jina gani?"

"Jina lake."

"Ndilo langu."

"Ndiyo hayo sasa tunayosema."

"Huyu ni binti wa nani?" aliuliza Kigingi.

Msajili msaidizi alifungua chupa yake, akanywa, akaifunga. Kifuniko kilimchukua muda.

"Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoponza watu," alisema. "Wewe una mgonjwa nyumbani, sivyo? Mama. Upande wa kushoto."

Katika chumba kile hakuwa amemtaja mama yake. Barua ilisema ugonjwa wa mzazi, basi. Upande alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, nyuma ya mlango uliofungwa na dirisha lililofungwa.

"Na anayemwangalia ni mama yako mdogo, peke yake, naye si mwenye nguvu," aliongeza msajili msaidizi, kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Ukilala mahabusu wiki mbili, tatu, nani atasaidiana naye kumgeuza? Sisi ni wazazi. Hatupendi kufika huko."

Mwanasheria akamsogezea karatasi moja iliyopigwa chapa. Ilieleza kwamba yeye, msichana asiye na makazi maalumu, alijaribu kujipatia nafasi ya masomo kwa kutumia jina na namba ya mhitimu, kwamba amejuta, kwamba hatarudia. Tarehe iliyokuwa juu ilikuwa ya Ijumaa.

"Hii mliiandika kabla hamjanisikiliza."

"Tuliokoa muda," alisema mwanasheria.

"Nikisaini nitarudi darasani?"

"Utaomba upya kama mwombaji mwingine yeyote. Jina utajichagulia, majina hayajaisha duniani."

"Na vyeti vyangu?"

"Vyeti vina mwenyewe."

Nje ya dirisha, chini, darasa la upimaji lilikuwa uwanjani. Mtu alipaza sauti kumwambia mwenzake asogee kushoto, kidogo, kidogo tena, hapo hapo. Kigingi aliwasikiliza mpaka wakanyamaza. Aliwaza saa mbili alizozizoea, mama upande huu, mama upande ule, na mama yake mdogo na mgongo wake mbovu. Aliwaza kituo cha polisi, na jina atakalowatajia polisi, na kitambulisho kilichokuwa kikionekana kwa mbali kwenye mfuko wa shati la mtu. Kisha akachukua kalamu.

Wino ulikuwa umegusa karatasi mwanasheria alipoweka kiganja juu yake.

"Usisaini jina hilo. Utakuwa umerudia kosa hapa hapa, mbele yetu."

"Nisaini lipi?"

Wakatazamana. Ilionekana wazi kwamba hilo hawakuwa wamelifikiria. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile msajili msaidizi alipandisha sauti, akimkemea mwanasheria na si yeye.

"Aweke dole gumba, basi."

Mwanasheria akavuta mtoto wa meza, akatoa kidau cha wino na fomu nyingine, ya wanaoweka dole, akaibana nyuma ya ile ya kwanza. Chini ya kisanduku kitupu palikuwa na mistari ya maandishi madogo. Kigingi akaisogeza karibu, akaisoma kwa sauti, bila kukwama.

"Mimi niliyeweka dole gumba hapa sijui kusoma wala kuandika. Nimesomewa maelezo haya kwa lugha ninayoielewa, nami nimeyakubali kwa hiari yangu."

Akainua macho.

"Hiyo ni fomu tu," alisema mwanasheria. "Ndivyo ilivyochapwa."

"Lakini umesoma vizuri," alisema msajili msaidizi, akamsogezea kidau. Mkuu wa walinzi akazunguka meza, akamshika mkono wa kulia, akamkunja vidole vinne na kukibakiza kimoja.