Joto la Kukumbuka

Kila asubuhi mama hutangulia, nami humfuata, tukivuka nyasi fupi hadi kwenye kisanduku cheupe cha vipimajoto. Yeye husoma, mimi huandika. Ndiyo kanuni ya kituo chetu cha hali ya hewa: anayeandika hatazami kipimajoto, asije akaona anachotaka kuona.

"Haya, inama," husema akishika kijimlango. "Saa hii wapima joto wa nusu ya dunia wameinama kama sisi. Usituaibishe."

Siku ile alikuwa hajakigusa kijimlango. Simu ililia mfukoni mwangu. Alikuwa Jirani, ndivyo tunavyomwita yule kijana wa nchi ya pili anayekusanya vipimo vya ukanda wetu na kuvipeleka ng'ambo, vikaunganishwe na vya mataifa mengine. Kwa kawaida huanza kwa kumtania mama.

"Shikamoo, mama. Dada, weka sauti kubwa, msikie wote."

"Marahaba. Mbona una sauti ya msibani?"

"Vipimo vyenu, mama. Sisi huku tunaungua, wenzenu wa upande ule wanaungua, nyinyi katikati mnapunga upepo. Muda mrefu sasa."

"Labda Mungu anatupenda zaidi."

Hakucheka. "Wakubwa wanakutana asubuhi hii hii. Wasipojua sababu ni nini na kosa lilianza lini, hawataviamini hata vipimo vya zamani. Watakifuta kituo chote."

"Chote?"

"Miaka yako yote, mama. Nimewaomba nikuulize kwanza. Maliza kusoma, nitapiga tena."

Mama alibaki ameegemea mguu wa kisanduku. Alianza kazi hapa kabla sijazaliwa. Alinizaa hapa, na siku tuliyomzika baba alirudi na kanga yake ya msibani kusoma kipimo cha jioni.

"Ni rangi," alisema. "Si nilisema rangi imebabuka?"

Rangi ikibabuka, kisanduku hupata joto zaidi, hakipoi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

"Basi ni nyasi."

Nyasi zilikuwa fupi kama siku zote. Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Hata chuoni nilikuwa najua jibu na kuliacha linipite. Na haya nilikuwa nimeyameza kwa muda mrefu: chai aliyoimimina nje ya kikombe, mkono wake unaopapasa ukuta wa korido mchana kweupe, malalamiko kwamba taa za siku hizi hazina nguvu. Nilijiambia ni uzee. Uzee ni neno zuri la kufunikia mambo.

Alifungua kijimlango, akainama.

"Ishirini na mbili," alisema, bila kusita.

Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Kwa mara ya kwanza nilivunja kanuni, nikageuka nikatazama. Zebaki ilikuwa imesimama kwenye ishirini na nane.

"Mbona huandiki?"

"Mama, hebu soma tena."

"Unanifundisha kazi? Mwezi huu, asubuhi isiyo na wingu, hapa ni ishirini na mbili. Tangu wewe hujaota meno ni ishirini na mbili."

"Lakini leo, mama? Leo ni ngapi?"

Alinyoosha kidole, akapapasa kioo cha kipimajoto kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kidole kile kile alichokuwa ananichapia mkononi nikigusa kioo hicho utotoni.

Simu ililia.

"Usipokee," alisema.

"Watafuta vyote."

"Na wakijua, mimi nitakuwa nani? Hii nyumba ni ya kituo. Hii asubuhi ni ya kituo. Nitaamka nifanye nini, mwanangu, nihesabu kuku?"

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka pia kumtikisa. Nilifungua mdomo, machozi yakatoka badala ya maneno, na simu ikanyamaza. Nikadhani basi, tumeshapotea. Ikalia tena. Jirani hakuwa amekata tamaa, na hilo lilinitoa machozi zaidi.

Mama alisikia ninavyolia. Alipapasa hewani mpaka akaupata mkono wangu, kisha simu iliyokuwa ndani yake.

"Jirani."

"Naam, mama. Wameshaanza kuingia ukumbini. Niwaambie nini? Kifaa kimeharibika?"

"Kifaa ni kizima."

"Ni kisanduku?"

"Kisanduku hakina neno."

Mama alikuwa anaubana mkono wangu hadi mifupa ikauma.

"Ni macho yangu," alisema. "Sioni, baba. Tangu kiangazi cha mwaka juzi nasema joto ninalolikumbuka. Futeni vya tangu hapo. Lakini vya kabla yake ni vya kweli, vyote, niliviona kwa macho haya. Waambie wasiviguse."