Leka, Shadia

Mechi ya kwanza ya Kombe la Ziwa tulitoka sare na Zambia, na bao walilotufunga lilikuwa kosa langu. Mpira ulidondoka kati yangu na Shadia, beki wetu wa kati. Shadia akanitazama, mimi nikamtazama, na mshambuliaji wa Zambia hakumtazama mtu. Akapita katikati yetu, akaugusa mpira kwa kidole cha mguu, ukaingia golini taratibu huku uwanja mzima ukiusindikiza kwa macho.

Kwenye basi Shadia alisema, "Jamani, mdomo wa huyu kipa wetu bado uko kwenye nailoni. Haujafunguliwa tangu utoke dukani."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kimyakimya.

Kombe lenyewe lilikuwa jipya, ndiyo kwanza linachezwa: timu za taifa za wasichana wa chini ya miaka ishirini, kutoka nchi nne zinazogusa Ziwa Tanganyika. Uenyeji ulipewa Kigoma. Katika timu ya Tanzania nilikuwa peke yangu mtu wa mkoa huu. Kwetu ni Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, na watu wa kwetu walikuja mashua mbili tele kunitazama. Mikono yangu ilikuwa mizuri. Tangu utoto nilikuwa nikidaka vitu vinavyorushwa kutoka mashuani, na katika mazoezi hakuna aliyenifunga kirahisi. Kilichokosekana ni sauti.

Siku moja kabla ya kucheza na Burundi, kocha aliniita pembeni. Jina lake Jovita, mwanamke wa Bukoba. Sisi tulimwita Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ule mpira wa Zambia, kwa nini hukusema 'wangu'?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Eufrasia, nakuuliza."

"Shadia ni mkubwa wangu, Mwalimu. Kumfokea mkubwa..."

"Uwanjani hakuna shikamoo. Kipa ndiye anayewaona wote. Akinyamaza, mabeki wanacheza kama wamefungwa vitambaa machoni. Kesho unaanza wewe. Nisipoisikia sauti yako kule benchi hadi mapumziko, anaingia Recho, na atakaa golini hadi kombe liishe."

Recho alikuwa kipa wetu wa akiba. Mikono yake ilikuwa ya kawaida, lakini sauti yake ungeisikia ukiwa Ujiji.

Nilichomwambia Mwalimu kilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba Kiswahili changu huja baada ya kufikiri. Nakijua, lakini kwanza nalitafuta neno, nalipima, ndipo nalitoa, na kwa wakati huo mpira umeshafika. Kinachonitoka bila kufikiri ni Kiha.

Kesho yake tulipopanga mstari kuingia uwanjani, namba tisa wa Burundi alimgeukia mwenzake, akanionyesha kwa kidevu. "Uyo ntavuga," akasema. Huyo hasemi. Alidhani hakuna wa kumwelewa upande wetu. Kirundi na Kiha vimekaribiana sana. Mtu wa Kagunga anakwenda sokoni ng'ambo ya mpaka bila mkalimani. Akaendelea kumwambia mwenzake kwamba mipira yote ipigwe mirefu, idondoke kati yangu na beki.

Nilisikia kila kitu. Nikataka kumwambia Shadia, nikawa bado natafuta pa kuanzia filimbi ikalia.

Dakika thelathini na zaidi nilicheza kimya. Nilidaka krosi mbili, nikapangua shuti moja, na kila nikigeuka nilimwona Recho akipasha misuli karibu na benchi. Kisha ukaja ule mpira mrefu. Ulipita juu ya mabeki wote, ukadunda mbele ya eneo langu. Shadia aliukimbilia, namba tisa alimfuata bega kwa bega, na mimi nilikuwa nimeshatoka golini. Mpira ulikuwa wangu kabisa. Nikamkemea Shadia kwa nguvu zangu zote:

"Leka!"

Maana yake ni acha. Ng'ambo wanasema reka, na ukilisikia kwa mbali huwezi kuyatenganisha. Kwetu neno hilo halisemwi kwa upole. Ni la kumkemea mtoto anayeinyoshea mkono sufuria ya moto.

Shadia ni mtu wa Tanga. Hakuelewa, akaendelea kukimbia. Namba tisa ndiye aliyesimama. Alisimama ghafla, mikono imenyanyuka kidogo, kama mtoto aliyekutwa jikoni. Shadia akafika peke yake, akaupiga mpira nje, akanigonga kwa bega, tukaanguka wote wawili.

Watu wa Kagunga, kule walikokaa, wakaangua kicheko, maana wao walielewa. Benchi la Burundi halikucheka. Wote walikuwa wamesimama. Walisema nimejifanya mmoja wao ili nimdanganye mshambuliaji.

Refa alikuwa mama kutoka Kongo, mtu wa Kalemie. Akanijia.

"Ulisema nini?"

"Leka."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Shadia."

Akamgeukia Shadia. "Hilo neno unalijua?"

Shadia si mtu wa kudanganya. "Silijui, refa. Ndiyo kwanza nalisikia."

Hapo nikajua nimekwisha. Kama beki wangu halijui neno, na mpinzani analijua, nani ataamini kwamba nilisema na beki? Refa akatoa kadi ya njano. Burundi wakapewa mpira wa adhabu pale pale nilipopigia kelele, hatua kumi kutoka golini, ule ambao mmoja anagusa kwanza ndipo mwingine apige.

Sijawahi kuitwa mwongo. Kuitwa mwongo mbele ya mashua mbili za watu wa kwetu kulinipandisha damu kichwani, na nilipogeuka kuwapanga wenzangu sikutafuta neno lolote.

"Shadia, nguzo ya kulia. Wema, kushoto. Wengine katikati, bega kwa bega. Nikisema toka, tunatoka wote."

"He," alisema Shadia. Akaenda kwenye nguzo.

Warundi walikuwa wamekusanyika kwenye mpira wakipanga. Namba tisa akanitupia jicho, akaweka kidole mdomoni, wakahamia Kifaransa. Kifaransa sijui hata salamu. Basi nikaacha kusikiliza, nikatazama mguu wa yule wa kugusa. Ulipotikisika tu nikapaza sauti, "Toka!" Tukatoka wote kama tuliofukuzwa na nyuki. Shuti lilimpiga Wema kwenye paja, likarudi, nikalilalia.

Mapumziko tulikuwa bila kwa bila. Tukielekea chumbani niliwaeleza Shadia na Mwalimu maana ya leka. Ndani, Recho alikuwa amevaa glovu tayari. Mwalimu alisimama mbele yangu.

"Sauti nimeisikia. Lakini lile neno, kwa nini hukusema 'acha'?"

"Lilitoka lenyewe, Mwalimu. Na litatoka tena."

Sikuwa nimewahi kumjibu hivyo. Akamgeukia Shadia. "Na wewe, kama ungekuwa unalijua?"

"Ningeuacha mpira, Mwalimu. Kwa sauti ile nilitaka kuacha na soka lenyewe."

Mwalimu hakucheka. "Tatizo ni kadi. Ukilirudia, refa atasema umedanganya tena, utatoka, tutabaki kumi. Siwezi kucheza hivyo. Nenda kwa refa sasa hivi, ukamweleze. Mwenyewe, si nahodha. Akikubali, unarudi golini. Akikataa, Recho anaingia."

Nilikwenda. Refa alikuwa kwenye korido akinywa maji, na nahodha wa Burundi alikuwa naye, akilalamikia jambo jingine. Nilitaka kusubiri amalize. Sikusubiri.

"Samahani, mama. Lile neno ni la kwetu. Kiha ndiyo lugha yangu ya nyumbani, na nilikuwa namwambia beki wangu. Nimeshamfundisha maana yake. Naomba niruhusiwe kulisema."

"Hata sisi ni la kwetu," alisema nahodha wa Burundi. "Mtu wetu atasimama tena."

"Basi mwambie asisimame," nikamjibu kwa Kirundi.

Akanitazama, kisha akacheka. Refa akauliza nimesema nini, nahodha mwenyewe akamtafsiria.

Refa alifunga chupa yake. "Useme na jina," akaamua. "Ukitaja jina la mtu wako, nitajua unamwambia nani. Bila jina, ni kadi."

Kumfokea mkubwa kwa jina lake tupu, bila hata dada mbele. Nilirudi chumbani nikamweleza Mwalimu masharti. Recho akavua glovu bila kuambiwa, akanipiga kofi la mgongoni.

Kipindi cha pili Warundi walipiga mipira mirefu tisa. Najua ni tisa kwa sababu mara tisa niliita, "Leka, Shadia," na mara tisa Shadia aliacha. Namba tisa alikuwa akija na kasi yake yote, hadi katika mpira wa mwisho alinikanyaga vidole, akaniomba radhi kwa Kirundi, nikaipokea kwa Kiha. Dakika ya themanini Shadia alipanda kwenye kona akafunga kwa kichwa, na hilo lilitosha.

Kwenye basi Mwalimu alisoma majina ya watakaoanza na Kongo. Alianza na langu, akaendelea bila kusimama.

Kesho yake asubuhi Shadia alinifuata na chai yangu mkononi, akaketi. Wakongo, alisema, Kiswahili wanakijua chote, na Kiha hawakijui kabisa.

"Kwa hiyo nifundishe maneno kumi," akasema. "Ya kufokea tu. Salamu nitajifunza nikistaafu."

Nikaanza na neno la kumwambia mtu ageuke nyuma.