Jiwe Lenye Harufu ya Kitunguu Saumu

Jana usiku niliota niko mwaloni, pale chini ya kilima tunapoponda na kuosha mawe ya dhahabu, na jiwe moja ndani ya beseni langu likakohoa.

Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva. Nikaliamkia, maana jiwe lolote limenizidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba, Minza. Yule anayelamba mawe ni nani wako?"

"Mama."

Mama alikuwa ameketi hatua kumi kutoka kwangu. Kila jiwe alilopasua alililamba, likishalowa aangalie kama linameta. Kwetu wote hufanya hivyo. Mimi ni mtu wa kunyamaza, sijawahi kumwambia aache.

"Mimi nina sumu," jiwe likasema, bila kujisifu. "Akinilamba mimi, hatalamba jingine. Amebakiza nusu beseni, halafu ataanza la kwako. Niweke mahali salama kabla hajafika. Lakini kwanza nitambue. Usichukue usichokitambua."

"Nitakutambuaje?"

"Kwa kitambulisho."

Likatoa kadi. Nasoma polepole, kidole kikitangulia. Picha imetoka vibaya, kama za watu wote. Rangi: nyekundu. Akisuguliwa nyuma ya kigae: huacha alama ya rangi ya chungwa. Akigongwa: hunuka kitunguu saumu. Kazi: hana.

"Minza," mama akaita, "unanong'ona na beseni? Likikuposa uniambie mapema, nipike."

Nikainamisha kichwa, nikanyanyua nyundo nihakikishe hiyo harufu.

"Weka chini," jiwe likasema. "Vumbi langu ni baya kuliko mimi. Nimeshagongwa asubuhi, inatosha. Wewe kaa hapo hapo, harufu itakuja yenyewe."

Ikaja kweli, kwa miguu, imejifunga kanga. Ni kitunguu saumu, hakuna ubishi.

"Sasa shika sharti," jiwe likasema. "Penye saumu, funga saumu. Kisiingie kitu mdomoni."

Hapo hapo midomo yangu ikashikana kama gunia lililoshonwa. Nikataka kumwita mama, nikaishia kuguna.

Mara mwalo ni darasa la tano, lile nililoliacha katikati ya mwaka. Kwenye dawati la mbele zimeketi glavu mbili, zimenyoosha mikono, kwa kuwa hazina kingine cha kunyoosha. Nikazivaa. Kopo la maziwa ya unga likasimama.

"Mimi nimelea watoto watatu," likasema. "Nitalitunza."

"Wewe kesho utatiwa sukari," jiwe likajibu. "Kaa."

Nyuma kabisa likainuka kopo la rangi lenye mfuniko. "Mimi sijawahi kutiwa chakula," likasema kwa unyonge, "wala sitarajii."

"Huyo," jiwe likasema. "Na ufunike upesi. Jua likinikalia siku nyingi nageuka unga wa manjano."

Nikalinyanyua jiwe taratibu, nikalilaza ndani, nikabana mfuniko. Nikachukua chaki ya mwalimu, nikaandika ubavuni mwa kopo kwa herufi kubwa: SAUMU.

Kopo likajitazama.

"Dada, umezidisha A. Hivi nitapelekwa jikoni."

Nikaifuta. Ile A ikatoka nje ya darasa bila kuomba ruhusa. Ikabaki SUMU, na midomo yangu ikaachana.

Nikavua glavu, nikanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Nilidhani kazi imekwisha. Jiwe likagonga mfuniko kwa ndani.

"Na mdogo wangu je?"

"Mdogo wako yupi?"

"Si nimekuambia niligongwa asubuhi? Kuna kipande kilibanduka. Kiko mkononi mwa mama yako."

Darasa ni mwalo tena. Mama ameinua kipande chekundu, ulimi uko nje. Nafungua mdomo. Hakuna kinachoubana sasa, ila sauti haitoki. Ni ile aibu yangu ya siku zote, imekaa kooni, imekunja nne, haina haraka. Ulimi wa mama unasogea.

Basi nikamrukia, nikachomeka kiganja katikati, kati ya ulimi na jiwe. Mama akakilamba chote, toka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye ncha za vidole. Akafikiri kidogo.

"Chumvi tupu," akasema. "Hapa hakuna dhahabu." Akakitupa kile kipande.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Mama yuko uani, ameanza na mawe aliyobeba jana. Akapasua moja, akalipeleka mdomoni, akasita. Akalishusha. Akachota maji kwa kikombe, akalimwagia, ndipo akaligeuzageuza juani.

"Mama, leo hulambi?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Ulimi umekataa. Tangu niamke mdomo wangu una chumvi, utadhani nimelamba mtu." Akanitazama. "Na wewe umeamka na maswali. Una nini?"

"Sina kitu," nikasema, na kiganja nikakificha nyuma ya mlango. Kilikuwa bado hakijakauka.